Namna Ndulele Ilivyopata Mji

Nchi ya Sambuli msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Waliochora ramani walikuwa na haraka, na walipofika hapo wino ulikuwa umewaishia. Lakini nchi ilikuwapo, na watu walikuwamo, na walitawaliwa vizuri sana na Serikali ya Ng'ambo, ambayo iliwapenda kwa mapenzi ya mbali, kama tajiri anavyompenda ng'ombe wa maziwa ambaye hajapata kumkamua kwa mkono wake mwenyewe.

Katika nchi hiyo palikuwa na vilima viwili vinavyotazamana, na kati yake kijito ambacho hata kuku alikivuka bila kulowa tumbo. Kilima kimoja kiliitwa Mbigiri, na jumbe wake alikuwa Shundi. Cha pili kiliitwa Ndulele, na jumbe wake alikuwa Mahimbo. Hadithi hii ni ya Mahimbo.

Mahimbo alikuwa mtu mwema. Alilisha wageni, aliwapenda wanawe, na hakupata kung'oa muhogo wa mtu. Alikuwa na donda moja tu rohoni, na donda hilo ni Shundi. Walitiwa jandoni mwaka mmoja, wakalazwa kibanda kimoja, na jeraha la Shundi likapona kwanza. Tangu hapo hakukuwa na amani. Mvua ikianzia Mbigiri kabla ya kuvuka kijito, Mahimbo aliiona kuwa ni mvua ya upendeleo. Jogoo wa Shundi akitangulia kuwika, majogoo wa Ndulele walikuwa hatarini kugeuka kitoweo siku hiyo hiyo. Na lililomuudhi kuliko yote ni kwamba Shundi mwenyewe hakuwa na habari. Alikuwa mnene, mzito wa maneno, mpenda usingizi wa mchana, na mema yalimjia bila yeye kuinuka kuyafuata.

Mkewe Mahimbo, Mama Nambeko, alikwisha kuzoea. Alipomkuta mumewe ameketi kibarazani akikodolea macho ng'ambo ya kijito, alimuuliza tu leo wale wamepata nini tena, kisha akaendelea na kazi zake.

*

Ikaja habari kwamba Serikali inatafuta mahali pa kujenga mji. Aliyetumwa kuchagua alikuwa Bwana Shauri, kijana mwekundu mwenye masharubu, aliyebebwa kwa machela na wapagazi tangu pwani, kwa kuwa miguu ya Serikali haikanyagi umande. Mkalimani wake, Feruzi, alitangulia kuvikagua vilima. Naye akaamua kwamba Ndulele ndiyo penyewe: juu ni tambarare, ina chemchemi ya maji matamu, na ina jumbe mwenye mbuzi wanono asiyeuliza mbuzi wake wanapelekwa wapi.

Mahimbo akajiandaa kama anayeoza binti. Njia ilifagiliwa toka kijitoni hadi mlangoni pake. Nyumba zikasiribwa udongo mwekundu, ngoma zikaanikwa juani zikaze. Siku yenyewe ilipofika alisimama mbele ya watu wake tangu jua linachomoza, akikataa hata kukaa, na kila baada ya muda akitupa jicho Mbigiri kuona kama Shundi anaona.

Machela ikatokea. Njia ya kuja Ndulele ilipita Mbigiri, hapakuwa na jinsi. Ikapanda, ikafika nyuma ya nyumba ya Shundi, na hapo Mahimbo akamwona Bwana Shauri akiruka kabla hajashushwa, akakimbilia vichakani ameshika suruali kwa mikono miwili. Alikaa huko kitambo. Inasemekana ni samaki wa kopo aliowala njiani. Alipotoka, uso wake ulikuwa umenawiri kama wa mtu aliyesamehewa madeni. Akavuta pumzi ndefu, akatazama kushoto na kulia, akatamka kwamba hewa ya mahali pale ina siha isiyo ya kawaida, na kwamba mji utajengwa papo hapo aliposimama. Wapagazi, ambao mabega yalikuwa yakiwawaka moto, waliunga mkono kwa nguvu zote.

Katika taarifa ya Serikali iliandikwa kwamba Mbigiri ilichaguliwa kwa sababu za kijeshi, za kiafya na za kibiashara. Watoto wa shule wa Sambuli wanakaririshwa sababu hizo hadi leo, na anayeongeza ya nne anachapwa.

Huko Ndulele wali ulipoa, ngoma zikalegea. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu, kama waondokavyo matangani. Mahimbo alibaki amesimama.

"Shundi," alisema mwishowe, "hata vichaka vyake vina bahati."

*

Shundi alipewa kanzu nyeupe, tarbushi yenye shada jeusi, na kiti cha kukunja. Watu wake nao hawakusahauliwa. Walipewa kazi ya kubeba mawe ya kujengea boma. Kisha wakapewa kodi, ili wapate sababu ya kuifanya hiyo kazi. Kisha ikapandishwa bendera, na ikatolewa sheria kwamba kila apitaye chini yake lazima asimame na kuinamisha kichwa, pamoja na wanawake wenye mitungi ya maji vichwani. Mitungi mingi ilivunjika kwa heshima ya Mfalme wa Ng'ambo. Kuku waliokutwa wakiparura chini ya mlingoti walishikwa kwa kosa la dharau, na jikoni kwa Bwana Shauri ndiko kesi zao zilikosikilizwa.

Lakini mambo hayo yalihitaji mtu awe karibu ndipo ayaone. Kutoka Ndulele yalionekana mengine kabisa. Mahimbo aliona watu wa Mbigiri wakipita kwa mstari mrefu, mawe vichwani, wakiimba kwa sauti moja. Maneno ya nyimbo zile yalikuwa matusi ya kumtoa nyoka pangoni, yaliyoelekezwa kwa Bwana Shauri, mama yake na masharubu yake. Ila matusi yakivuka kijito hugeuka kuwa sauti tu, na sauti ilikuwa tamu. Mahimbo alisikiliza, moyo ukimtafuna. Watu wake yeye hawakuwa na lolote la kuimba. Walikuwa wakilima tu, wanakula, wanalala.

Kisha likajengwa gereza. Lilikuwa jengo la kwanza kupakwa chokaa katika wilaya nzima, na jua likilipiga liling'aa kama jino. Mahimbo alihamisha kigoda chake ili asilione, baadaye akakirudisha kwa kuwa kutoliona kulimuumiza zaidi.

Siku moja mtu wa Ndulele aitwaye Semkiwa aliiba kondoo, akakamatwa na askari, akaenda kufungwa Mbigiri. Watu wa Ndulele walifurahi, maana Semkiwa alikuwa amewachosha. Jumbe wao hakula siku hiyo.

"Hata wezi wetu," alimwambia mkewe, "wanakwenda kuukuza mji wa Shundi."

Mama Nambeko akamjibu kwamba amezaliwa, amekua na amezaa, lakini hajasikia mtu akimwonea mwenzake wivu wa mwizi.

*

Mahimbo akaenda bomani na mbuzi wawili, mmoja wa Bwana Shauri na mmoja wa Feruzi, ingawa wote wawili waliishia kwa Feruzi. Akatoa dukuduku lake. Alisema Ndulele nayo ni kilima, na watu wake nao wana vichwa vya kulipia kodi na vya kubebea mawe, na wezi wake nao wanastahili gereza la kwao. Vipi Serikali inampendelea mtoto mmoja na kumwacha mwingine akilia?

Feruzi aliyageuza maneno hayo kwa lugha ya kizungu kwa muda mrefu kuliko yalivyosemwa, akipunga mikono, na mahali fulani akapiga goti. Bwana Shauri alisikiliza, machozi yakamlengalenga. Katika utumishi wake wote, alisema, amewafunga watu wa kila namna, ila hajapata kuwaona watu wanaoomba gereza kwa hiari yao. Akapeleka habari kwa Gavana kwamba wenyeji wa Sambuli wameanza kustaarabika, na kwamba ustaarabu umetokea kwa mwendo wa kushangaza upande wa Ndulele.

Ndulele ikapewa vitu vya kuanzia. Ilipewa askari mmoja, ambaye alikula kama watatu. Ilipewa kodi. Ilipewa kibanda cha mahabusu na bendera yake yenyewe, ndogo, kiasi cha leso. Wiki ya kwanza Mahimbo alitembea akiwa ameinua kidevu. Wiki ya pili alianza kuilinganisha leso yake na bendera ya Mbigiri, na usingizi ukampaa.

Kibanda cha mahabusu kilihitaji mtu, la sivyo kingefungwa. Askari akamkamata Mbwiga, kaka yake Mama Nambeko, kwa kosa la kupiga chafya mbele ya bendera. Mama Nambeko alipata habari akiwa shambani, akaja mbio, jembe bado mkononi.

"Kaka yangu amefungwa kwa mafua," alimwambia mumewe.

"Nimesikia," alijibu Mahimbo. "Lakini amefungwa hapa kwetu. Hakupelekwa Mbigiri."

Alisema hivyo kwa nia ya kumfariji. Mama Nambeko alimtazama kitambo, kama atazamavyo mtu chungu alichokiamini kumbe kina ufa. Jioni alimpakulia chakula kama kawaida, akahamishia mkeka wake chumba cha watoto.

*

Basi Gavana mwenyewe akatangaza ziara. Atakuja kuona vilima vyote viwili na kukata shauri makao makuu ya wilaya yawe wapi daima dumu. Kilima kitakachopata heshima hiyo, Feruzi alieleza, sharti kiwe kitupu, ili macho ya Gavana yasikwame popote. Migomba iondoke. Vibanda vya kuku viondoke. Makaburi pia, kwa maana Gavana ni mtu wa moyo mwepesi, na makaburi humkumbusha kwamba watu hufa.

Mahimbo alikata migomba yake mwenyewe kwanza, kisha akaamuru ya wengine. Wazee walinyamaza, wakafyeka. Lakini ilipofika zamu ya makaburi waliweka mapanga chini, wakakaa kitako. Hawakugomba, hawakutukana. Walikaa tu.

Kaburi la mamake Mahimbo lilikuwa pale pale juu, mahali ambapo gwaride lingesimama. Aliliendea peke yake asubuhi, akaanza kuondoa mawe aliyoyapanga kwa mikono yake mwenyewe alipokuwa kijana. Alijiambia kwamba marehemu angemwelewa. Maisha yake yote mama yule alikuwa akiuliza kwa nini mbuzi wa mamake Shundi wanazaa mapacha na wake wanazaa mmoja mmoja.

Mama Nambeko alikuja akasimama kando.

"Baba Nambeko," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, "wewe huutaki huo mji. Unachotaka ni Shundi asiwe nao."

"Yote ni mamoja," alijibu Mahimbo, akainua jiwe lingine.

*

Gavana alikuja na kofia yenye manyoya ya ndege ambaye Sambuli hayuko. Ndulele aliiona kutoka mbali ikiwa tupu kama upara, akatabasamu. Alihutubu kwa kirefu, na Feruzi alipaza sauti:

"Serikali imeizunguka dunia yote, penye jua na penye barafu. Haijaona kilima kilichofyekwa kwa moyo mweupe kama hiki. Kuanzia leo Ndulele si kilima tena. Ndulele ni mji."

Tarumbeta zikalia. Ng'ambo ya kijito, bendera kubwa ya Mbigiri ikaanza kushushwa. Mahimbo hakuitazama bendera. Alimtafuta Shundi katika umati, akamwona ameketi kwenye kile kiti cha kukunja, mikono juu ya tumbo, na machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Moyo wa Mahimbo ulijaa, ukafurika. Miaka yote hiyo, na sasa Shundi analia mbele za watu. Ilikuwa siku ya furaha kuliko zote alizoishi, na ilidumu mpaka alasiri.

Alasiri aliitwa na Bwana Shauri. Aliambiwa, kwa maneno matamu sana, kwamba Serikali imekipenda kilima chake kiasi kwamba haiwezi kustahimili kukaa nacho pamoja na mtu mwingine. Madaktari wa Ng'ambo wamegundua kwamba pumzi za wenyeji, zikichanganyika na hewa ya mji, huharibu bustani za maua. Kwa hiyo kabla mvua hazijaanza, watu wote wa Ndulele wawe wamehama na kuvuka kijito. Watakaokuja kufanya kazi watapewa ruhusa ya kuingia asubuhi na ya kutoka jua likichwa.

Mahimbo alidhani mkalimani amekosea. Akauliza jumbe wa mji atakaa nyumba gani. Feruzi alitafsiri swali, akapokea jibu, akamgeukia Mahimbo.

"Anasema mji hauna jumbe. Mji una Bwana Afya." Kisha akapunguza sauti, na kwa mara ya kwanza tangu afike Sambuli akasema neno lisilo na nakshi. "Mzee wangu, mimi niliyewaleta hawa, nalala jikoni kwao."

*

Walihama wakiwa wamebeba milango, vinu na kuku. Hakuna aliyemlaumu Mahimbo kwa mdomo, na ingekuwa nafuu kama wangemlaumu. Mbwiga, aliyetolewa kibandani kwa kuwa kibanda kilibomolewa, alimbebea kigoda chake bila kuombwa. Mama Nambeko alitembea mbele pamoja na wanawake wengine.

Shundi alikuwa kijitoni akiwangoja. Alikuwa ameshawakatia watu wa Ndulele upande wa mashariki wa kilima chake, penye udongo mweusi, na vijana wake walikuwa wamesimamisha nguzo za nyumba za kwanza. Gereza lililong'aa sasa lilikuwa zizi la mbuzi. Watoto walikuwa wakibembea kwenye mlingoti uliolala chini.

Mahimbo alivuka, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, akasimama mbele yake.

"Ulilia," alisema. Hakupata salamu nyingine.

"Nililia," alikubali Shundi. "Migomba yangu yote waliikata kwa ajili ya bendera ile. Wajomba zangu wawili walifia kwenye mawe. Nilipoiona inashuka, ndugu yangu, nililia kama aliyefunguliwa kamba."

"Na hukuniambia."

Shundi alifikiri, kwa ule uzito wake wa siku zote.

"Ningekuambia kwamba niliyonayo ni mabaya, usiyatake," alisema. "Ungeniamini?"

Shundi alimshika mkono, akampandisha kilimani, na kabla hawajafika juu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba katika mabaraza watakaa wote wawili, hakuna mkubwa wala mdogo. Mahimbo alishukuru kwa maneno. Moyoni alihisi mchomo ule ule wa zamani, ila umehamia mahali papya. Hata kwa wema, Shundi alikuwa amemtangulia.

*

Mvua zikanyesha, mahindi ya upande wa mashariki yakastawi. Mama Nambeko alirudisha mkeka wake, ingawa aliutandika mbali kidogo na wa mumewe. Asubuhi wanaume wa vilima vyote viwili walikwenda mjini kufagia njia na kumwagilia maua, na jioni kengele ilipolia walifukuzwa. Palipokuwa kaburi la mamake Mahimbo sasa wazungu walipiga mpira mdogo kwa vijiti. Alilipata hilo kwa kusikia. Yeye hakwenda.

Siku moja alikuwa ameketi peke yake akichambua maharage ya mbegu, akaja mgeni. Alikuwa Jumbe Kilumbi, kutoka kilima cha tatu, mwendo wa asubuhi nzima kuelekea magharibi. Alikuwa amevaa nguo zake za sherehe na vumbi lilikuwa limemfika magotini. Alipewa maji, akanywa, akauliza habari za watoto na za mashamba, lakini macho yake hayakutulia. Kila mara yalikimbilia Ndulele, kwenye mabati yaliyong'aa. Kisha hakuweza kuvumilia zaidi. Aliuliza Mahimbo alifanyaje hata akaupata mji. Aliwapa nini? Alisema nini? Kwao yeye Kilumbi kuna kilima kikubwa kuliko hiki, kina maji, kina mbao, na Serikali haijapata hata kukichungulia.

Mahimbo aliweka ungo chini. Alimweleza yote. Alimweleza juu ya mbuzi na bendera ya leso, juu ya Mbwiga na mafua yake, juu ya migomba. Alimweleza hata juu ya mawe ya kaburi la mamake. Hakuficha kitu wala hakujipamba. Hajawahi kusema maneno ya kweli mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

"Rudi nyumbani, ndugu," alimalizia. "Ukisikia wanakuja, panda miiba njiani."

Kilumbi alikuwa amesikiliza akitikisa kichwa polepole. Alisimama, akajikung'uta vumbi.

"Nilijua," alisema. "Niliwaambia watu wangu, Mahimbo hatanionyesha njia. Mtu akishakula hapendi mwenziwe anawe mikono."

Akaaga kwa heshima zote, akashuka kilimani, akavuka kijito, akashika njia ya kwenda kwenye boma jipya. Mahimbo alimwita kwa jina, kwa sauti ya kutosha. Kilumbi aliongeza mwendo.

Mahimbo alisimama akimtazama akipanda Ndulele, akiwa mdogo zaidi na zaidi, mpaka akafika langoni na askari akamfungulia. Alimhurumia. Alimhurumia kwa dhati, na watu wake, na migomba yao, na mama zao waliolala ardhini. Kisha likamjia wazo kwamba safari hii, kwa kuwa kilima kile ni kikubwa, huenda Serikali ikawapa na reli. Naye akakaa kitako, akauvuta ungo, lakini maharage yalikuwa hayaonekani vizuri tena, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kukimbilia magharibi, kwenye kilima cha Kilumbi.